Difu ya nyuma inavuma: pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Swali: "Nina Impreza WRX ya 2003, gia tano za mkono, tairi 225/45R17. Huu mwezi wa pili nyuma panavuma 'wuuu' kuanzia spidi 70 hadi 100. Nikikanyaga mafuta sauti inapanda, nikiachia inafifia. Kabla haijaanza nilikuwa nimeweka bushi za poliyuretheni kwenye difu na kununua tairi mbili mpya za nyuma. Fundi mmoja anasema ni beringi ya gurudumu la kushoto. Mwingine anasema difu imekwisha, nitafute nyingine iliyotumika Japani. Nimsikilize nani?" (Msomaji, Arusha)

Jibu:

Kwa dalili hizo, fundi wa pili yuko karibu zaidi, ila amekimbilia mwisho wa safari. Beringi ya gurudumu haina habari na mguu wako wa kulia. Inajua spidi na inajua uzito uliolalia upande wake, basi. Sauti inayopanda ukikanyaga mafuta na kufifia ukiachia, spidi ikiwa ileile, inatoka mahali panapobeba nguvu ya injini: meno ya krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo ndani ya difu), au beringi za pinioni. Kwa hiyo usiruhusu mtu apige presi beringi ya gurudumu la kushoto kwa sababu hii peke yake. Kwenye gari la umri huo beringi ya nyuma imeshindiliwa ndani ya nakoli (chuma kinachobeba gurudumu), na kazi ya kuitoa ikifanywa kwa nyundo huharibu hata iliyokuwa nzima.

Lakini usinunue difu pia. Mambo mawili uliyoyafanya kabla ya mlio kuanza yanaweza kuifanya difu nzima isikike kama mbovu, na moja kati yake linaumiza gari hivi sasa unavyosoma.

Ni tairi. Tairi mpya huwa na mifereji ya kina cha kama milimita 8. Tuseme zako za mbele zimebakiwa na milimita 3. Tofauti ya milimita 5 kwenye nusu kipenyo ni kama milimita 31 kwenye mzingo. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi zote nne isizidi takribani milimita 6, yaani kina cha mifereji kisitofautiane zaidi ya milimita 1 hivi. Wewe uko mara tano ya hapo. Kila kilomita moja, magurudumu ya mbele yanazunguka kama mara 8 zaidi ya yale ya nyuma, na tofauti hiyo yote inaishia kwenye difu ya kati iliyomo ndani ya giaboksi, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambako kapulingi ya viskasi (kiungo chenye kimiminika kizito) inajaribu kuzilazimisha pande mbili zizunguke sawa. Inachemka, na ikichemka mara nyingi inakufa. Vilevile, kwa kuwa nyuma ndiko kunakozunguka polepole, kapulingi hiyo inausukuma upande wa nyuma muda wote, hata unapotembea spidi tulivu. Meno ya difu ya nyuma hayapati kupumzika, na hapo mvumo mdogo ambao usingeusikia unasikika.

Kwa hiyo jambo la kwanza halina uhusiano na spana. Pima mzingo wa kila tairi kwa futi ya fundi cherehani, upepo ukiwa sawa kote. Zikipishana kama ninavyodhani, tafuta seti ya tairi nne zinazolingana, hata za kuazima kwa siku moja, uendeshe tena. Kuhamisha za mbele nyuma hakuondoi tofauti, kunaigeuza tu. Ukiwa hapo pitisha kiganja juu ya kila tairi, kwenda na kurudi. Ikiwa upande mmoja ni laini na upande wa pili unakwaruza kama msumeno, tairi hiyo imelika vibaya na ina mvumo wake yenyewe. Ili kuutambua, ongeza upepo hadi psi 40 kwa muda wa jaribio tu, upite barabara ileile. Mlio ukibadilika tabia, ni tairi. Ishara nyingine: mvumo wa tairi hubadilika unapotoka kwenye lami laini kuingia lami ya kokoto. Difu haijali aina ya lami.

Baada ya tairi, fanya jaribio la barabarani. Chagua kipande kirefu kilichonyooka chenye magari machache, na uwe na mtu wa kusikiliza nyuma. Fika 90, shikilia hapo kwa mafuta kidogo, kisha kanyaga kiasi, kisha achia kabisa huku gia ikiwa imeingia. Rudi 90, kanyaga klachi, weka nyutro na uliache gari litembee lenyewe. Andika sauti ya kila hatua, kwa sababu kila moja inasema jambo lake.

Ikivuma unapokanyaga na kutulia unapoachia, ni upande wa kusukumia wa meno. Ikiwa kinyume, kimya unapokanyaga na kelele injini inapofunga mwendo, angalia beringi za pinioni zilizolegea au nati ya pinioni iliyopoteza mkazo, maana pinioni inasogea mbele na nyuma na meno yanakutana mahali pasipo pake. Ikibaki palepale hata kwenye nyutro, basi ni tairi, beringi za magurudumu, au beringi za difu zilizochakaa kiasi cha kunguruma bila mzigo. Hapo ndipo ujaribu kuyumbisha usukani taratibu kushoto na kulia kwenye spidi 60. Ukiyumba kulia, uzito unalalia magurudumu ya kushoto; mngurumo ukizidi hapo na kupungua ukiyumba upande wa pili, beringi ya kushoto ina kesi ya kujibu. Na ikilia wakati wa kukata kona tu, iwe kimya ukinyoosha, tazama gia ndogo zilizo katikati ya difu, kwa sababu kwenye mstari ulionyooka hazizungukiani hata kidogo.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka kimo ndani ya simu yako. Pakua programu yoyote inayochora masafa ya sauti na uirekodi safari. Krauni yenye meno 39 hutoa migongano 39 kila gurudumu likizunguka mara moja. Tairi ya 225/45R17 ina mzingo wa karibu mita 1.99. Chukua spidi, gawa kwa 3.6, gawa kwa mzingo, zidisha kwa idadi ya meno ya krauni. Kwenye kilomita 60 kwa saa unapata hezi 326 (mitetemo 326 kwa sekunde), kwenye 80 ni 435, kwenye 100 ni 544. Aliyewahi kuimba kwaya ataijua ile ya 80: iko chini kidogo tu ya noti ya A ya kulinganishia vyombo. Tumia spidi ya GPS, kwa sababu spidomita hudanganya kwa juu. Ukiona mstari mmoja mwembamba unaopanda na kushuka sambamba na namba hizo, ni meno. Beringi iliyochubuka haitoi noti safi. Inatoa mngurumo mpana, kama mawe kwenye debe.

Kuna mtego hapa. Uwiano wa difu ni mara ambazo pinioni huzunguka krauni ikizunguka mara moja: ule wa 3.545 ni meno 39 kwa 11, na ule wa 3.90 ni 39 kwa 10. Kwenye WRX zenye 3.545 nyuma, difu ya mbele iliyomo ndani ya giaboksi huwa ni ya 3.90, na tofauti inasawazishwa na gia za 1.1 zinazopeleka nguvu nyuma. Maana yake krauni zote mbili zina meno 39 na zote zinaimba noti moja. Simu itakuambia ni meno, haitakuambia ni ya mbele au ya nyuma. Sauti ndani ya bodi ya Impreza husafiri sana, na si mara moja difu ya nyuma imebadilishwa kumbe kilichokuwa kinavuma ni giaboksi. Ng'oa kalio la siti ya nyuma, rekodi pale sakafuni, kisha rekodi tena karibu na lever ya gia, barabara na spidi zikiwa zilezile. Palipo na mstari mzito zaidi ndipo penye chanzo. Vipaza sauti vidogo vya kubana, vya kufungwa moja kwa moja kwenye difu na kwenye giaboksi, ni bora zaidi ikiwa gereji unayoitumia inavyo.

Sasa bushi. Mpira wa kiwandani upo kwa kazi moja: kuumeza mvumo wa meno usifike kwenye bodi. Kila difu ya aina hii inavuma kidogo, hata ikiwa mpya. Ukiweka poliyuretheni ngumu, au mbaya zaidi bushi za alumini, umeifunga difu kwenye bodi kama ngoma. Kwa gari la mashindano ni sawa, kwa sababu difu haijipindi gari linapoondoka kwa nguvu. Kwa gari la kwenda Moshi na kurudi, utaisikia kila siku. Kama mvumo ulianza wiki ileile bushi zilipoingia na haujaongezeka tangu hapo, ninashuku bushi kuliko difu. Kama ulianza baadaye na unakua mwezi hadi mwezi, difu inachakaa na bushi zimekusaidia kuisikia mapema. Hakikisha pia boliti zote za pale zimekazwa na hakuna chuma kinachogusa chuma. Bushi mpya zikiwa zimeinua pua ya difu, pembe ya jointi za propela inabadilika na utapata mtetemo wa mara mbili kwa kila mzunguko wa propela. Kwenye spidi 80 na uwiano wa 3.545 ni kama hezi 79, kitu unachokihisi kwenye siti kabla ya kukisikia.

Baada ya hapo ndipo unafungua oili, nayo ni shahidi mkubwa kuliko fundi yeyote. Endesha kilomita 15 ipate moto, weka gari mahali tambarare. Fungua nati ya kujazia kwanza, kisha ya kumwagia. Usigeuze mpangilio huo: ya kujazia ikigoma kufunguka baada ya kumwaga, umebaki na difu kavu na gari halitoki hapo. Nati hizi kwa kawaida zinaingia kipini cha mraba cha nusu inchi, na zilizochakaa hutoka kwa kipini kirefu, si kwa patasi.

Tazama sumaku iliyo kwenye nati. Uji wa kijivu laini, unaopakaa vidoleni kama risasi ya penseli, ni wa kawaida. Vigae vinavyometameta ni ngozi ya beringi inayobanduka. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha ni jino. Oili ya rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, mara nyingi kupitia tundu la kupumulia lililo juu ya difu baada ya kuvuka korongo lenye maji ikiwa ya moto: difu inapoa ghafla, inavuta pumzi, inavuta maji. Harufu kali ya kuungua ina maana ilitembea na oili pungufu, na hapo tafuta sili inayovuja.

Rudisha oili ya gia ya 75W-90, daraja la GL-5. R160, ambayo ndiyo difu ya WRX, inachukua lita 0.8. R180 ya STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, inachukua lita 1.0. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Usikubali ushauri wa kuweka oili nzito ya 140 au kuchanganya grisi ili inyamaze. Itanyamaza wiki chache, lakini oili nzito haifiki haraka kwenye beringi ya mbele ya pinioni, na hiyo ndiyo ya kwanza kufa. Ikiwa mwenye gari wa kwanza aliweka LSD ya sahani (difu inayozuia gurudumu moja kuzunguka bure), utasikia mkwaruzo na mruko kwenye kona kali za polepole. Hiyo inataka oili iliyoandikwa kuwa ya LSD, na ukishaijaza zunguka taratibu mara kumi kwa umbo la nane ili oili ipenye kati ya sahani. Mvumo wa spidi 80 hauhusiani na sahani.

Kulipandisha gari kunasaidia, ila kwa sheria moja isiyovunjwa: magurudumu yote manne hewani, juu ya stendi imara, au hakuna gia inayowekwa. Gari hili linasukuma mbele na nyuma. Ukiinua nyuma peke yake na kuweka gia, magurudumu ya mbele yatalishusha kutoka kwenye jeki likiwa na mtu chini. Likiwa juu salama, liendeshe kwa gia ya tatu, mtu mwingine asikilize kwa stetoskopu ya fundi au bisibisi ndefu iliyoegemezwa sikioni: kwanza pua ya difu ilipo beringi ya mbele ya pinioni, kisha pande mbili zinakoingia ekseli, kisha beringi ya katikati ya propela, kisha kila nakoli. Kumbuka kwamba hakuna mzigo hapo. Mvumo wa meno unaweza kutoweka kabisa, na ekseli zinazoning'inia hugonga kwa sababu ya pembe tu. Unachotafuta ni mngurumo wa beringi. Zima injini, shika springi ya nyuma kwa mkono mmoja na zungusha gurudumu kwa mwingine. Beringi mbovu utaihisi kwenye koili kama mchanga, hata kabla sikio halijaipata.

Kama bado ushahidi unaelekeza kwenye difu, weka alama ya rangi kwenye flanji (kisahani cha pinioni kinakofungwa propela) na kwenye propela ili zirudi zilivyokuwa, fungua boliti nne, teremsha propela. Shika flanji ya pinioni. Izungushe taratibu: iwe nyororo, yenye ukinzani mdogo usiobadilika. Isukume juu, chini, ndani, nje. Hapo hakutakiwi mchezo wowote. Flanji ikicheza hata kidogo, au sili yake ikiwa inavuja pamoja na kucheza, beringi za pinioni zimekwisha na gari lisitembee tena, kwa sababu zikikwama ukiwa kwenye 100 magurudumu ya nyuma yanafunga. Ukiwa chini pale jaribu na jointi za propela: ile inayokwama katikati, au inayolia kama kifaranga kwenye mwendo wa polepole, ni mbovu.

Kisababishi kimoja kinajirudia sana. Sili ya pinioni inabadilishwa, kisha nati inarudishwa kwa mashine ya upepo bila kipimo. Kwenye difu nyingi za Toyota, za Mark II zikiwemo, kati ya beringi mbili kuna bomba linalojikunja kuweka mkazo; ukikaza kupita kiasi limekunjwa moja kwa moja na beringi zinaungua ndani ya safari chache. R160 ya Subaru inatumia bomba na washa ngumu za kuchaguliwa kwa unene, kwa hiyo inastahimili zaidi, lakini nati iliyolegea inaiua vilevile. Uliza kama sili hiyo iliwahi kuguswa.

Kufungua ndani ni kazi ya mezani. Kifuniko cha nyuma ndicho kinachoning'iniza difu, hivyo difu inashuka nzima. Plei (mchezo) kati ya krauni na pinioni ipimwe kwa saa ya kupimia, mahali panne kuzunguka krauni: iwe kati ya milimita 0.10 na 0.20. Mgongo wa krauni usiyumbe zaidi ya milimita 0.05. Paka meno rangi ya alama, zungusha pande zote mbili, tazama alama ilipokaa. Ikikaa chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia ndani mno. Ikikaa kwenye ncha, iko nje mno, na shimu (washa nyembamba) ndiyo inayosahihisha. Ikiwa meno yamechubuka au yana vishimo, hakuna shimu itakayoyanyamazisha. Krauni na pinioni zilisagwa pamoja kiwandani zikazoeana. Hubadilishwa kwa jozi, kamwe si moja. Beringi zikiwa zimenguruma lakini meno bado yana uso laini, seti ya beringi na sili, ikifungwa na fundi mwenye saa ya kupimia, inatosha.

Ukiamua kununua iliyotumika, uwiano ndio wa kwanza. Usiamini rangi wala neno la muuzaji. Zungusha ekseli zote mbili pamoja mzunguko mmoja kamili, hesabu mizunguko ya flanji: karibu tatu na nusu ni 3.545, karibu nne kasoro kidogo ni 3.90, nne na ziada ni 4.11 au 4.44. Ekseli moja ikishikwa isizunguke, ile nyingine izungushwe mara mbili ndipo uhesabu. Hesabu hivyohivyo kwenye gari lako kabla ya kwenda dukani. Difu ya uwiano tofauti itaua kapulingi ya kati haraka kuliko tairi zozote. Angalia kama ekseli zako zinaingia ndani ya difu au difu ndiyo yenye vichwa vinavyoingia kwenye ekseli, maana zipo za aina zote mbili. Kisha ingiza kidole chenye sumaku kwenye tundu la kujazia, ukitoe ukitazame juani.

Ikiwa utafunga krauni na pinioni mpya, kilomita 20 za kwanza ziwe za upole, kisha liache gari lipoe kabisa kabla ya kurudi barabarani. Rudia mara mbili tatu, usiliondoshe kwa kuachia klachi ghafla, na umwage oili ya kwanza baada ya kilomita 800. Na ikiwa kwa sasa unasikia tiki inayojirudia kila gurudumu likizunguka, kwenye spidi 10 ni kama tiki 14 kwa sekunde 10, hilo huenda ni jino la krauni lililovunjika. Simamisha gari na lipelekwe gereji juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa yamepumzika.